Turbo Isihukumiwe Kabla Upepo Haujapimwa: Uvujaji wa Presha kwenye Subaru Impreza WRX

(Mada kwa semina ya mafundi wa magari, Nairobi)



Mwenye Impreza WRX akija gereji na kusema gari limekuwa zito, mara nyingi anajibiwa kwamba turbo imekufa. Anatumwa Kirinyaga Road kutafuta nyingine iliyotumika, inafungwa, na haupiti muda anarudi na malalamiko yale yale. Hoja yangu leo ni moja: turbo isihukumiwe kabla njia yote ya upepo, kuanzia kwenye kichujio hadi kwenye injini, haijapimwa kwa presha.

Turbo ya WRX iliyo kama ilivyotoka kiwandani hujaza karibu na psi 14, yaani takriban bari 1 juu ya hewa ya kawaida. Upepo huo hupita kwenye intakula iliyolala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, kisha kwenye kipepeo cha hewa, kisha kwenye manifoldi. Njiani kuna mipira, klipu, gasketi na oringi, na kila kiungo kinaweza kuvuja. Upepo ukipotea, turbo hulazimika kuzunguka zaidi ili presha iliyopangwa ifikiwe. Chombo ambacho kikiwa na mzigo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika kinaongezewa kazi, upepo unatoka ukiwa wa moto zaidi, na beringi zinaumia. Basi huenda turbo ya kwanza ilikufa kweli, ila iliuawa na mpira wa bei ndogo, na mpira huo bado uko pale pale unaingoja ya pili.

Huku kwetu juu tabu inazidi. Kwenye mita 1,700 hivi, hewa ya Nairobi ina kilopaskali kama 83 tu. Mombasa ni 101. Ili kuongeza bari 1, turbo ikiwa Mombasa hubana hewa mara 2, na ikiwa Nairobi karibu mara 2.2. Uvujaji ambao dereva wa pwani angeuvumilia, hapa unamuumbua. Magari yenyewe pia si mapya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini likishaingia linaendeshwa miaka mingine mingi, na mpira uliopikwa juu ya injini muda wote huo haubaki laini.

Kabla ya kushika spana, chomeka mashine ya kusomea kompyuta uangalie marekebisho ya mafuta. WRX hupima hewa kwa sensa iliyo mara tu baada ya kichujio, na petroli hutolewa kwa hesabu ya hewa iliyopita hapo. Kinachotokea baada ya sensa, sensa haikioni. Ndiyo maana mahali pa tundu hubadilisha dalili. Tundu likiwa kati ya sensa na turbo, hewa isiyopimwa hunyonywa pamoja na vumbi, petroli inakuwa pungufu, na kompyuta inaongeza. Likiwa kati ya turbo na kipepeo, gari lililosimama linanguruma vizuri tu, kwa sababu hapo presha haijajengeka. Kanyaga mafuta: hewa iliyokwisha kupimwa inatoka nje, petroli yake inabaki, na nyuma unaona moshi mweusi na kusikia harufu ya petroli. Likiwa baada ya kipepeo, gari linatetemeka likiwa limesimama, maana manifoldi inavuta hewa ya wizi. Likikanyagwa, tundu lile lile linatema. Fundi anayesoma tofauti hizi ameshapunguza eneo la kutafuta kabla hajafungua hata klipu moja.

Sasa kipimo chenyewe. Injini izimwe na ipoe. Chukua kifuniko cha bomba la PVC kinachoingia sawasawa kwenye mdomo wa mpira unaopeleka hewa kwenye turbo, kitoboe, funga vali ya tairi lisilo na tyubu, kisha ukikaze kwa klipu. Mipira ya pumzi ya injini ibanwe na kuzibwa, la sivyo upepo utaingia kwenye oili na kusukuma sili. Kompresa iwe na kidhibiti presha. Anza na psi 5, sikiliza, panda taratibu, na usizidi presha ambayo gari lenyewe hutumia. Usisimame mbele ya kifuniko. Kikichomoka kinapiga kama jiwe.

Upepo kidogo utasikika kwenye ekzosi au ukifungua kifuniko cha oili. Hiyo si hitilafu: kuna vali zilizo wazi, na pete za pistoni hazizibi kabisa. Zungusha krenki kidogo kwa spana, sauti itapungua. Kwingine kote mwagia maji ya sabuni utazame povu. Mashine ya moshi isikudanganye hapa. Zile za kutafutia uvujaji wa mvuke wa tangi hutumia presha isiyofika psi 1, na ufa unaofunguka kwenye psi 10 hauonyeshi kitu.

Kwenye WRX, anza na mpira mfupi unaounganisha intakula na kipepeo. Juu unaonekana mzima. Ingiza kidole chini yake, upande usioonekana, nyuma ya klipu: utakuta utando wa oili uliokamata vumbi, na ndani yake mstari mwembamba kama uliochorwa kwa wembe. Kisha nenda kwenye mpira wa upande wa turbo, kwenye gasketi ya vali ya kurudisha upepo, na pale tangi la plastiki la intakula linapobanwa kwenye alumini. Oringi za injekta zije mwisho.

Matengenezo hayana siri. Mpira uliopasuka ubadilishwe. Gundi ya silikoni haishiki kwenye mpira wenye oili, na vipande vyake huweza kuishia ndani ya injini. Futa oili yote kabla ya kufunga, maana mpira wenye oili huchomoka ukipata presha. Klipu ikazwe bila kukata mpira. Tangi la plastiki linalovuja kwenye mkunjo halitengenezeki. Tafuta intakula nzima.

Kuhusu vali zinazotema upepo nje kwa mlio ambao vijana wetu wanaulipia: kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa kama WRX, huo ni uvujaji wa kununua. Hewa iliyopimwa inatupwa kila gia inapobadilishwa, petroli inazidi, na gari linaweza kuzimika kwenye taa.

Ukishaziba, usimpe mwenyewe ufunguo papo hapo. Ikiwa kuna aliyeongeza presha kwenye kompyuta ili kufidia upepo uliokuwa ukipotea, sasa presha itapita kiasi na pistoni ndizo zitakazolipa. Fuatilia geji ya presha gari likiwa na mzigo, na uirudishe mipangilio ya awali ikibidi.

Ombi langu kwa semina hii: kadi ya kazi ya kila gereji iwe na mstari wa kipimo cha upepo, ukionyesha psi iliyotumika na mahali palipovuja, na mteja asitajiwe bei ya turbo kabla mstari huo haujajazwa.