Hesabu ya Siku za Mwanamke na Majira ya Kushika Mimba

(Mazungumzo kwa wenyeji wa Likoni, Kisauni na Changamwe)



Katika nyumba za Mombasa mambo ya hedhi hayasemwi barazani. Mwali hufunzwa na somo wake, naye akiisha kuolewa huyaweka moyoni. Hiyo ni adabu njema, wala hapana haja ya kuivunja. Lakini adabu isiwe sababu ya kukosa elimu, kwa maana hesabu isiyo sawa huleta huzuni nyumbani. Mke mmoja huitwa tasa, naye na mumewe hawakujua majira yao. Mwingine hushika mimba angali na mtoto kifuani, kwa kuwa aliambiwa siku zile ni salama.

Kosa lenyewe ni hili. Watu wengi hushika ya kuwa yai la mwanamke hutoka siku ya 14 tangu damu ilipoanza. Hesabu hiyo humfaa mwanamke ambaye hedhi zake hufuatana kwa siku 28, na hata yeye si kila mara. Katika miaka ya 1920 madaktari wawili, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa utafiti wake, walionyesha ya kuwa yai hutoka yapata majuma mawili kabla ya hedhi inayokuja. Basi hesabu ya kweli huanzia mbele na kurudi nyuma.

Na uchukuliwe mfano wa wanawake wawili. Wa kwanza, wa Likoni, huona damu kila siku 24. Yai lake hutoka karibu na siku ya 10. Wa pili, wa Kisauni, mara huona baada ya siku 26, mara baada ya siku 40. Yai lake huweza kutoka siku ya 12 mwezi huu, na siku ya 26 mwezi ujao. Tena hedhi inayokuja haijulikani mpaka imekuja. Kwa hiyo mwanamke ambaye siku zake hazina utaratibu hawezi kujua mapema, kwa kuhesabu tu, siku iliyo salama wala siku ya kushika mimba.

Yako na mambo mengine mawili ya kujua. Yai likiisha kutoka hudumu saa 12 mpaka 24 tu. Bali mbegu za mume huweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hata siku 5. Mfano wake ni kivuko cha Likoni: abiria aliyewahi hungoja, na chombo kifikapo hupanda, aliyefika chombo kimekwisha ondoka amechelewa, na katika jambo hili hakuna chombo cha pili mpaka mzunguko mwingine. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani waliofuata habari za wanawake 221 waliotaka watoto walieleza ya kuwa mimba zote zilitokana na siku 6, yaani siku 5 kabla ya yai kutoka na siku yenyewe.

Kwa nini siku hubadilika? Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa siku 21 mpaka 35 si ugonjwa. Msichana aliyevunja ungo karibuni, na mama aliyekaribia kukoma hedhi, hubadilika zaidi. Wasiwasi mwingi, kukonda sana, unene wa kupita kiasi, na maradhi ya tezi ya shingo au ya ovari huweza kuchelewesha yai. Vivyo hivyo aliyeacha sindano ya kuzuia mimba huweza kungoja miezi kadha wa kadha. Basi si kila kuchelewa ni chango, wala si kila kuchelewa ni husuda.

Mama anyonyeshaye na ajihadhari. Yai la kwanza baada ya kuzaa huweza kutoka kabla ya damu kuonekana. Kunyonyesha humkinga vema akiwa na mambo matatu pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja likipungua, kinga imepungua.

Ifaayo kutendwa ni hii. Mwanamke na aandike kila mwezi tarehe ya kwanza ya damu yake. Tena na aangalie ute: ukaribiapo wakati wa yai huwa mwepesi, wa kuteleza na kuvutika kama ute wa yai la kuku. Mume na mke wanaotaka mtoto, nao hawajui siku, na wakutane kila baada ya siku 2 au 3 mwezi mzima. Wasivunjike moyo upesi, kwani katika kila jozi 100, zaidi ya 80 hupata mimba katika mwaka mmoja. Wanaotaka kupumzisha uzazi wasitegemee hesabu ya vidole. Waende kliniki wachague njia iwafaayo.

Damu ikikosekana miezi 3 bila mimba, au ikitoka zaidi ya siku 8, au mwaka ukipita bila mimba, ni wakati wa kumwona daktari. Aliyepita miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Hedhi ikichelewa pamoja na maumivu makali ya tumbo, mwanamke apelekwe hospitali siku ile ile, kwa maana huenda mimba imetunga nje ya mji wa uzazi. Wa Changamwe wako karibu na hospitali ya Port Reitz, na ng'ambo ya Likoni nako iko hospitali.

Na mume aende pamoja na mkewe. Mara nyingi sababu ya kukosa mtoto, yote au sehemu yake, iko kwa mume, naye huweza kuwa na nguvu zake zote asijue. Kabla ya talaka kutajwa, na wote wawili wapimwe. Kuuliza si ujinga.