WAIPA ZA LAND ROVER YETU: KOSA LILIKUWA LA NANI

(Maelezo ya Kamati ya Usafiri kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shamba siku hiyo.)



Tumesimama mbele yenu kueleza habari ya waipa za gari letu. Maneno yamekuwa mengi, kilabuni na kisimani, na mengine tuliyaanzisha sisi wenyewe kamati.

Gari mnalijua. Ni Land Rover 109, Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Limezeeka, lakini ndilo linalobeba kahawa yetu, mbolea na wagonjwa. Usiku ule wa masika, mwezi wa Aprili, lilikuwa linampeleka Tarime mjini mtoto wa mwanachama mwenzetu, ana homa kali. Mvua ikaja ya kumwaga. Waipa zikapiga mara mbili tatu, zikasimama katikati ya kioo. Dereva akaegesha kando akangoja karibu saa mbili nzima. Mtoto akafika hospitali saa tisa usiku. Tunashukuru amepona, lakini baba yake alikuwa na haki ya kukasirika.

Kikao kilichofuata tulisema eti dereva kauza mota nzima na kufunga mbovu. Tukaamua akatwe mshahara. Kisha tukatoa fedha ya chama, tukanunua mota iliyotumika, ikafungwa. Waipa hazikwenda! Hapo tungeona aibu, lakini wapi, tukaanza kumlaumu na muuza mota.

Aliyetutoa gizani ni mzee wetu mmoja aliyekuwa utingo wa malori ya njia ya Mugumu enzi hizo. Alikuja na taa ndogo ya kujaribia, waya mbili na msasa, basi. Akauliza: "Mura, mkiwasha swichi mnasikia nini?" Tukamjibu hatusikii kitu. "Basi iacheni mota, tafuteni umeme."

Swali hilo la kusikia mlishike. Mota ya waipa iko nyuma ya dashibodi. Inazungusha gia, na gia inavuta na kusukuma waya mnene wenye meno ndani ya bomba. Waya huo unageuza vigurudumu viwili chini ya kioo, kila kimoja na mkono wake wa waipa. Kwa hiyo ukisikia mota inanguruma na mikono imetulia, umeme upo. Tazama nati za mikono, au waya wa meno umechomoka. Mkono mmoja ukienda na mwingine ukikataa, tatizo ni la huyo aliyekataa, nati yake au meno yake yameliwa. Zikienda polepole kama mgonjwa, huenda grisi imekauka mle ndani ya bomba, au umeme unafika nusu. Letu lilikuwa kimya kabisa.

Mzee akaanza na fyuzi. Akaitoa, ndugu zangu, imezungushiwa karatasi ya sigara ile inayong'aa! Nani aliiweka, hakuna aliyekiri mpaka leo. Karatasi ile haikatiki. Waya zikigusana itakayoungua ni gari, na mgonjwa ndani. Tena alitufundisha jambo ambalo hata dereva hakulijua. Fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 zinakatika kwa ampea 35, lakini mzigo wake wa kazi ya siku zote ni 17 tu. Fyuzi nyingi za siku hizi huandikwa ule mzigo wa kazi. Ukinunua mpya iliyoandikwa 35 umezidisha mara mbili.

Tukaweka fyuzi nzuri. Kimya vilevile. Akawasha swichi, akabana mguu mmoja wa taa kwenye hasi ya betri, ncha akaigusisha kwenye waya unaoleta moto kwenye mota. Taa ikawaka. Maana yake fyuzi ni nzima, swichi ni nzima, moto unafika. Kisha ule mguu akautoa kwenye betri akaubana kwenye waya mweusi wa mota, ule wa ethi. Taa ikakataa. Akachukua waya mmoja, akaunganisha ethi ya mota moja kwa moja na hasi ya betri. Waipa zikaruka! Watoto waliokuwa wanachungulia wakapiga makofi.

Tukaufuata waya mweusi mpaka kwenye skrubu yake. Chini ya kijicho cha waya kulikuwa na nini? Rangi ya kijani. Rangi ile tuliyolipaka gari mwaka jana, kwa amri ya kamati hii, ili lipendeze. Walipaka, wakarudisha waya juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Ulikuwa unapita kwenye nyuzi za skrubu tu, mpaka kutu ikaziba na pale. Tukakwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi kwa juu. Kazi ya dakika kumi. Tukarudisha mota ya zamani tuliyosema mbovu: inakwenda.

Mama mmoja aliuliza mkutanoni kwa nini hatukupima kabla ya kununua. Wanaume wengine wakacheka, eti mama na magari wapi na wapi. Basi wajue kwamba waipa ya kuzungusha kwa mkono kutoka ndani ya gari ilipatiwa hati ya uvumbuzi Marekani mwaka 1903, na mwenye hati alikuwa mama, Mary Anderson. Swali lake lilikuwa sahihi na jibu hatukuwa nalo.

Dereva tumemwomba radhi mbele ya wote, na fedha aliyokatwa amerudishiwa Jumamosi. Alifanya vizuri kusimama. Wale wanaosema angefunga kamba kwenye waipa zivutwe kwa mkono, hawajui kwamba gia ya mota hii haikubali kugeuzwa kutoka upande wa mikono; ungevunja meno bure.

Tangu sasa waipa zitajaribiwa kabla gari halijaondoka, na kioo kimwagiwe maji kwanza. Vumbi letu hili la barabarani likisuguliwa kavu linachana kioo na kula mpira.

Mota ya pili iko stoo, imeandikwa kwenye daftari. Mpira wa waipa upande wa abiria umechanika, bado haujanunuliwa.