Kijana wa Mpakani na Hati za Kazi Ng'ambo

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi na vijana wa Mkumbi, wilayani Mbinga.)



Neno "ng'ambo" maana yake ya asili ni upande wa pili wa maji. Mkazi wa Dar es Salaam akilisikia hufikiria Ulaya na Uarabuni. Lakini kwa ndugu zetu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ng'ambo ni Malawi, nao walioko huko ni shemeji na wajomba. Hata sisi wa milimani tumeoana na watu wa ziwani. Ndiyo maana vijana wengi wananiuliza swali moja: mtu aliyezaliwa na baba wa Malawi na mama wa Mbinga, je, aweza kushika hati za nchi zote mbili na kwenda kufanya kazi nje kwa ile itakayomfaa?

Sheria yetu inasema hapana. Lakini jibu hilo halitoshi bila kueleza sababu zake na njia iliyo halali.

Tukumbuke tulikotoka. Wakati wa ukoloni vijana wa Kusini walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Huko walipewa kipande cha siku 30, na asiyekimaliza hakupata mshahara wake kamili. Wengine kutoka Tanganyika walichukuliwa na WENELA hadi machimbo ya Afrika Kusini, na ilikuwa baada ya Uhuru wa 1961 ndipo Serikali ilipokomesha uandikishaji huo. Kipande kile kiliandikwa na mwajiri kwa faida ya mwajiri. Pasipoti na mkataba wa leo havina budi kuwa kinyume chake, yaani ngao ya mfanyakazi mwenyewe. Hata hivyo ngao hiyo humkinga yule tu ambaye hati zake zinasema kweli.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili kuwa nao hadi atimize miaka 18. Baada ya hapo hutakiwa kuukana ule wa kigeni, la sivyo hupoteza uraia wa Tanzania. Malawi, kwa upande wake, ilibadili sheria yake mwaka 2019 ikaruhusu uraia wa nchi mbili. Basi kijana huyo huyo mmoja, akiwa Nkhata Bay hana kosa, na akivuka ziwa kuja Mbamba Bay ana kosa. Wengi hutimiza miaka 18 bila kujua kwamba wametakiwa kuchagua.

Nilipata kuzungumza na kijana mmoja aliyekuwa na pasipoti mbili. Moja ilikuwa na jina la babaye, ya pili jina la mjomba aliyemlea. Wakala mmoja alikuwa amemsifu kwamba huo ni ujanja. Kazi ilipopatikana Uarabuni, cheti cha shule kilikuwa na jina moja, pasipoti aliyoombea kazi ina jina jingine, na cheti cha polisi cha tabia njema hakikulingana na pasipoti ile. Mkataba ukapewa mtu mwingine, na fedha alizomlipa wakala hazikurudi.

Hata kama angefika, angelindwa na nani? Mkataba wa Hague wa mwaka 1930 unaeleza kwamba nchi haiwezi kumtetea raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo yeye pia ni raia wake. Na mtu aliyeingia Uarabuni kwa pasipoti ya Malawi, akinyimwa mshahara, atajieleza vipi kwenye ubalozi wa Tanzania?

Basi njia iliyonyooka ni hii. Kwanza, cheti cha kuzaliwa cha RITA na kitambulisho cha Taifa viwe na jina moja. Pili, mwenye wazazi wa nchi mbili aende Uhamiaji mapema, kabla ya miaka 18, apate maelekezo ya kuukana uraia mmoja. Tatu, atafute pasipoti. Nne, apite kwa wakala mwenye leseni au kwa TaESA, na asome mkataba kabla ya kutia sahihi. Tano, asichanganye ruhusa ya kutembelea nchi na kibali cha kufanya kazi. Malawi haimo katika Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza 2010.

Wako pia wenzetu waliokwisha kuchukua uraia wa Uingereza au Kanada ili wapate kazi. Mmoja wao akitaka kurudi kufundisha hapa Mbinga, sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inamdai kibali, hata kama kitovu chake kimezikwa Mkumbi. Mwaka 2024 Serikali ilipeleka Bungeni muswada wa kuwapa watu wa namna hiyo hadhi maalumu. Mjadala huo ni halali, na uendelee kwa hoja. Lakini kuomba sheria ibadilishwe ni jambo moja, na kuificha pasipoti ya pili chini ya godoro ni jambo jingine kabisa.

Mwisho, nasi viongozi tujisahihishe. Pasipoti mpya ilipozinduliwa mwaka 2018 ada yake ilikuwa Sh. 150,000. Mkulima wa kahawa hupata fedha mara moja kwa mwaka. Kumrudisha mara tatu kutoka Mbinga au Songea kwa sababu barua ya kijiji imekosa mhuri ni kumsukuma mikononi mwa walaghai. Mtendaji aandike barua hiyo siku ile ile inapoombwa, naye mzazi asingoje mtoto afike sekondari ndipo atafute cheti chake. Kijana akitoka hapa na jina lake la kweli, akifika ng'ambo tutajua pa kumtafuta.