VITABU VYETU NA FUNGUO ZAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tingi)



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema machache katika siku hii ya furaha, chama chetu kikuu kinapotimiza miaka kumi. Wengine watasema juu ya bei na maghala. Sisi tumechagua kusema juu ya vitabu vya chama, kwa sababu vitabu hivyo sasa vinahama kutoka karatasini kwenda ndani ya kompyuta, na yatupasa kujua ni nani atakayeshika funguo zake.

Kila mkulima wa kahawa anaijua mizani. Huleta gunia lake, husimama karibu, hutazama mshale, ndipo karani aandike. Hatungekubali mizani iliyofunikwa kitambaa, hata kama mwenye kuiuza angeapa kuwa ni sahihi. Lakini programu nyingi za kompyuta ni mizani ya namna hiyo. Huuzwa zikiwa zimefungwa. Mnunuzi haruhusiwi kuona jinsi zinavyohesabu. Na ada ya mwaka isipolipwa, huenda akazuiliwa hata kufungua hesabu zake mwenyewe.

Iko njia nyingine. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza programu huru. Na mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, alitoa Linux, ambayo leo huendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti. Programu huru humpa mtumiaji haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza maandishi yake ya ndani, kuirekebisha, na kuwagawia wengine. Kiswahili chetu chatusaidia hapa, maana hutenga neno huru na neno bure. Programu hizi mara nyingi hupatikana bure, lakini sifa yake kubwa ni uhuru.

Jambo hili si geni Tanzania. Mwezi wa Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzake walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyo katika Kiswahili. Waliweza kwa sababu maandishi yake yalikuwa wazi kwa kila mtu. Kadhalika, Wizara ya Afya hukusanya takwimu za zahanati na hospitali kwa DHIS2, mfumo huru ulioanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kukuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo.

Wala si geni katika milima ya Umatengo. Ngoro zetu hazikununuliwa kwa mtu. Nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa miraba mteremkoni, udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika, na shimo linalobaki huzuia maji yasichukue shamba. Ujuzi huo wazee waliwarithisha vijana, kila mmoja akiuona kwa macho yake na kuulinganisha na mteremko wake, wala hakuna aliyedaiwa ada.

Lakini ngoro haijichimbi. Programu huru nayo hutaka kompyuta, umeme, na mtu anayeijua. Asipokuwapo, uhuru huo hautufai kitu. Wala hatusemi kuwa kila muuzaji ni mdanganyifu, au kwamba chama kikatae mifumo ya Serikali. Tunasema kwamba mali ya wanachama isiwekwe mahali ambapo wanachama hawawezi kuingia.

Kwa hiyo twaomba mkutano ufikiri mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa programu useme wazi kuwa daftari la wanachama na hesabu za kilo ni mali ya chama, na kwamba chama kitapewa nakala inayosomeka wakati wowote kitakapoitaka. Pili, chama kimoja cha msingi kijaribu LibreOffice kwa msimu mmoja, vitabu vya karatasi vikiendelea kuandikwa, kisha hesabu zote mbili zisomwe mbele ya wanachama. Tatu, fedha ambayo ingelipa ada isomeshe vijana wetu, wake kwa waume, ili kompyuta ikiharibika wakati wa kupokea kahawa tusingoje fundi wa mbali.

Ushirika ulianzishwa ili mkulima asimamie jasho lake mwenyewe. Hesabu ya jasho hilo nayo ni yake.