Mahindi Ndani ya Kompyuta



Wengi huniuliza kazi yangu hasa ni nini. Naotesha mahindi kwenye kompyuta. (Mama bado anauliza kama yanalika.) Programu yetu imegawanywa katika vitu vitatu: Hewa, Udongo na Mmea. Kila kimoja kinatunza taarifa zake na kufanya kazi yake. Kila siku Mmea huiuliza Hewa joto la leo, kisha huomba maji kwa Udongo, nao Udongo hutoa yaliyopo. Ukiondoa mfinyanzi ukaweka kichanga, Mmea hauguswi. WOFOST, programu iliyotoka Wageningen, Uholanzi, nayo imeandikwa upya kwa mtindo huu.

Lakini Hewa hujibu kwa namba ilizopewa. Mahindi hayakui joto likiwa chini ya nyuzi 8 hivi. Kinachozidi hapo ndicho kinachohesabiwa. Tuseme tambarare ina wastani wa nyuzi 26: mmea unapata 18 kwa siku. Mlimani penye nyuzi 18 unapata 10 tu. Mbegu inayohitaji jumla ya 1,500 itakomaa kwa siku 84 kule chini, na 150 huku juu. Mwaka jana nilitumia namba za tambarare, programu ikamtaka mama avune mahindi machanga.

Kwa hiyo naomba kipimamvua, kipimajoto cha kuonyesha joto la juu na la chini, daftari, na wanafunzi wa kusoma vipimo kila siku saa tatu asubuhi. Kipimamvua nanunua mimi. Kipimajoto namwachia atakayewahi kunyoosha mkono.