Kisanduku cha Karatasi na Mikono ya Mtoto

Leo, kabla hatujaanza, chukua ukurasa mmoja wa daftari lililokwisha kutumika, kisha mwite mtoto akae karibu nawe.

Siku moja kliniki, tulipokuwa tukipima watoto uzani, nilimwambia mama mmoja acheze na mwanawe. Akanijibu, "Sista, nicheze saa ngapi, na ukili haujaisha?" Swali lake ni la haki. Lakini yeye mwenyewe alijifunza kusuka kwa kukaa jamvini na mamake, kazi ikiendelea. Mwanawe naye hujifunza vivyo hivyo.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitaja mambo matano ambayo mtoto mdogo anahitaji: afya njema, lishe bora, usalama, mlezi anayemsikiliza na kumwitikia, na nafasi ya kujifunza mapema. Uji hujenga mwili. Mchezo na mazungumzo huamsha akili. Vidole vinavyokunja karatasi leo ndivyo vitakavyoshika kalamu na kufunga vifungo vya shati kesho.

Haya, tuanze. Kunja karatasi katikati, upande mfupi ukutane na upande mfupi, kisha ifungue. Umeona mstari wa katikati? Leta kila upande mfupi hadi kwenye mstari huo, kama milango miwili ya kabati inavyofungwa. Sasa kunja zile pembe nne za nje ziingie ndani, zote sawa, lakini zisifike katikati. Acha ukanda wa upana wa kidole kila upande. Pindua kila ukanda uende nje, ufunike pembe zake. Tia vidole chini ya kanda zote mbili, uvute taratibu, huku na huku. Kisanduku kimefunguka! Finya kingo zake zisimame.

Mtoto wa miaka miwili mpe kisanduku kilicho tayari, atie kijiko na kukitoa. Wa miaka mitatu au minne, mwache akunje mara moja tu, nawe umalizie. Wa miaka mitano au sita ataweza mwenyewe akishaonyeshwa mara kadhaa. Hata kikienda upande, msifu. Zungumza naye kwa lugha ya nyumbani: ndani, nje, moja, mbili. Robo saa kwa siku yatosha, na ukili wako uko mkononi.

Sasa tahadhari. Usitumie mfuko wa saruji wala pakiti ya sumu ya panya. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe shanga, kunde, vifuniko vya chupa wala kete ndogo. Nimewahi kutoa punje ya mahindi puani mwa mtoto. Betri ndogo za saa ni hatari zaidi: mtoto akimeza, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Na vidonge visitiwe kamwe katika kisanduku cha kuchezea. Mtoto hajui kutofautisha dawa na peremende.

Jambo la mwisho. Mchezo hukuonyesha mtoto alivyo. Ukiona mtoto ambaye hajatimiza mwaka anatumia mkono mmoja tu, na ule mwingine ameufumba ngumi kila wakati, au mtoto ameacha jambo alilokuwa akiliweza, usiseme, "Atakua tu." Usimfiche ndani kwa kuogopa maneno ya watu. Chukua kijitabu cha kliniki, umpeleke zahanati iliyo karibu au Hospitali ya Msambweni. Akionwa mapema husaidika zaidi.

Jioni ya leo, kunjeni kisanduku kimoja pamoja. Mkija kliniki, njooni nacho nikione. Hadi wiki ijayo, kaeni salama.