Rangi Nzuri Huanza kwa Kitambaa Safi

(Mazungumzo ya mhitimu mmoja, fundi rangi wa magari, mbele ya wahitimu na wanafunzi katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Miaka iliyopita mahali hapa wamesimama daktari, hakimu na mhandisi. Safari hii mmemwita fundi rangi. Katibu aliponiandikia nilidhani amekosea jina. Akanieleza kuwa wanafunzi wamekuwa wakiuliza habari za kazi za mikono, nami nikakubali kwa sharti moja: niseme juu ya kazi yangu tu, na hasa ile sehemu yake ambayo mteja haioni wala hapendi kuilipia. Nayo ni kusafisha bati kabla ya kupiga rangi.

Mezani hapa nina vipande vitatu vya kioo safi. Nadondoshea kila kimoja tone moja. Cha kwanza, mafuta ya taa. Cha pili, thina ya bei rahisi, ile inayouzwa kwa kupimiwa katika chupa za maji. Cha tatu, dawa ya kuondoa nta na grisi, iliyotengenezwa hasa kwa kazi ya rangi za magari. Madirisha yako wazi, na naomba mtu asiwashe sigara. Tuviache vioo hivi, tutavirudia mwishoni.

Mwaka 1991 nilikuwa na gereji ndogo Dar es Salaam, yenye kompresa moja na wanagenzi wawili. Mwenzetu mmoja, tuliyelala naye bweni moja miaka minne, alinunua basi kuukuu la kwenda mikoani. Akaniletea mimi, ingawa mafundi wenye majina walikuwapo. Alitaka rangi ya bluu, michirizi ya dhahabu ubavuni, na juu ya kioo cha mbele jina la marehemu mama yake kwa herufi kubwa. Mwenyewe yumo humu ukumbini. Ameniruhusu nisimulie, ila jina lake nisilitaje.

Nilifanya kazi ile siku kumi na moja. Nilipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Nilichora herufi zile kwa mkono na kila mpita njia alisimama kutazama. Lakini katika kupunguza gharama, nilifuta basi zima kwa mafuta ya taa na matambara ya nguo kuukuu, kisha nikapuliza rangi juu yake. Bati lilionekana safi kabisa.

Haukupita mwezi. Basi liliporudi kutoka safari, rangi ya ubavuni ilikuwa ikichunika kama ganda la ndizi. Unaingiza ukucha, unavuta, linatoka pande zima. Na mbele, herufi tatu za kwanza za jina la mama yake zilikuwa zimekwenda na upepo. Mwenzangu hakunigombeza. Alisimama akaangalia, akasema, "Ndugu yangu, mama huyu alikupikia likizo zote zile." Kisha akaondoka. Nililipiga basi lile upya kwa fedha yangu, na kiwanja nilichokuwa nimekwisha kukichimbia msingi kikaenda huko. Tulikaa miaka miwili bila kusalimiana vizuri.

Kosa langu lilikuwa nini? Mafuta ya taa huondoa grisi, ni kweli, lakini yenyewe ni mafuta. Hukauka polepole sana na huacha utando mwembamba usioonekana kwa macho. Rangi yangu haikushika bati. Ilishika mafuta, na mafuta hayashikiki.

Vijana, shikeni jambo hili: uchafu wa gari ni wa namna mbili. Upo ule unaoyeyuka kwa maji, yaani chumvi ya upepo wa bahari, jasho la mikono, vumbi na mavi ya ndege. Na upo ule unaoyeyuka kwa dawa za jamii ya petroli tu: grisi, nta, lami, na mbaya kuliko yote, silikoni iliyomo katika dawa nyingi za kung'arisha matairi na dashibodi. Maji hayawezi kazi ya dawa, na dawa haiwezi kazi ya maji. Kwa hiyo gari huoshwa kwanza kwa maji na sabuni isiyo na nta, likasuuzwa na kukaushwa. Ndipo dawa ya kuondoa nta na grisi ifuate.

Na haya yote hufanywa kabla ya msasa. Ukianza na msasa, unaisukuma grisi ndani ya mikwaruzo unayoitengeneza, na kuitoa humo ni taabu. Baada ya msasa unafuta tena. Silikoni ikibaki hata kidogo, rangi mbichi itaikimbia na kuacha vishimo vya duara ambavyo sisi mafundi tunaviita macho ya samaki. Ukiyaona hayo, usiongeze rangi juu. Acha ikauke, piga msasa, safisha upya.

Namna ya kufuta nayo ina kanuni. Chukua vitambaa viwili. Cha kwanza kiloweshwe dawa, upake sehemu ndogo, tuseme nusu ya mlango. Cha pili kiwe kikavu, nacho kifute dawa ile ingali mbichi. Ukiiacha ikauke yenyewe, uchafu ulioyeyuka unarudi kukaa palepale. Geuza vitambaa kila mara, na vikichafuka chukua vingine. Nguo kuukuu zilizofuliwa kwa dawa ya kulainisha hazifai, kwa sababu ulaini ule nao ni mafuta. Nunua karatasi au vitambaa visivyotoa nyuzi. Vaa glavu, maana alama ya kidole kimoja huweza kutokea juu ya rangi ya thamani kubwa.

Mtauliza, kwa nini tusitumie petroli au thina? Petroli ina viungo vinavyobaki juu ya bati, na mvuke wake hutambaa chini ukitafuta moto. Thina kali huweza kulainisha rangi ya zamani na kuikunja kama ngozi ya mzee. Hivyo gari lenye rangi usiyoijua lijaribu kwanza mahali pa kificho. Fikicha kwa kitambaa chenye thina. Rangi ikitoka kitambaani au ikikunjamana, ujue haitavumilia kubebeshwa rangi nyingine kali mpaka uiondoe au uizibe vizuri. Bampa za plastiki zinataka dawa yake, maana thina huweza kuziharibu, na nyingine zinahitaji praima maalumu ya kushikisha rangi. Puti nayo hunywa kila kioevu. Usiiloweshe kwa maji wala kwa dawa. Ipulize vumbi kwa hewa kavu.

Hapo nimetaja hewa. Kompresa hutoa maji na mafuta pamoja na hewa. Fundi anayesafisha bati saa tatu kisha akalipulizia hewa chafu amefanya kazi bure. Mwaga maji ya tangi kila siku, na weka kichujio cha maji na mafuta kwenye mpira. Mwisho kabisa pitisha kitambaa chenye kunata cha kuokotea vumbi, lakini kwa wepesi, kama unayempangusa mtoto uso. Ukikandamiza, gundi yake hubaki.

Kwa gari la rangi moja, labda kosa dogo litasitirika. Kwa kazi ya mapambo, yenye michirizi, picha na majina, halisitiriki. Rangi zile zinazopitisha mwanga hupigwa juu ya fedha au dhahabu, na kila doa la chini huonekana juu. Isitoshe, kila unapobandika tepu na kuibandua, unaongeza hatari ya gundi. Tepu rahisi huacha gundi na rangi hupenya chini yake. Nunua tepu nyembamba ya kuchorea mistari, na funika kwa karatasi ya kazi hiyo. Gazeti lina wino, na thina hupenya. Kabla ya kuandika jina, mimi hupiga kwanza vanishi juu ya rangi ya chini na kuiacha ikauke sawasawa. Herufi ikiharibika, naifuta kwa dawa nyepesi bila kugusa kilicho chini.

Sasa neno juu ya miili yetu, nalo nalisema nikiwa na ushahidi kifuani. Rangi na vanishi nyingi za kisasa zenye kuchanganywa na kikaushi zina kemikali ziitwazo isosianeti. Huweza kumpa mtu pumu, na mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo kinamsumbua. Wala usitegemee pua, kwani zinaweza kukudhuru kabla hujasikia harufu. Mimi nilipuliza miaka mingi nikiwa na leso tu mdomoni. Tangu mwaka 2003 siwezi tena kusimama penye kazi hiyo. Wanaopuliza gerejini kwangu huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na hakuna anayenawa mikono kwa thina. Matambara yenye dawa hutiwa katika pipa la chuma lenye kifuniko, na pipa hutolewa nje kila jioni. Mwanagenzi anayeona haya kuvaa barakoa namrudisha kwao siku hiyohiyo. Afadhali anichukie.

Ndugu Mwenyekiti, tuvirudie vioo vyetu. Naomba kijana mmoja apande hapa avitazame kwenye mwanga wa dirisha. Enhe, waambie wenzako. Cha mafuta ya taa bado kimelowa. Cha thina ya kupima kimekauka, lakini kimeacha duara jeupe, yaani kimebakiza uchafu wake. Cha tatu hakina kitu. Jaribio hili ni la tone moja tu, nanyi mnaweza kulifanya dukani kabla ya kulipa. Laiti ningelijua mwaka ule, ningekuwa na kiwanja changu, na nisingempotezea mwenzangu jina la mama yake.

Lakini yeye, baada ya ile miaka miwili, aliniletea basi la pili. Nilipomuuliza kwa nini amerudi kwangu, alijibu kuwa fundi aliyekwisha kulipia kosa lile hatalirudia. Mpaka leo magari yake hayapigwi rangi na mtu mwingine.

Namalizia kwa ahadi. Nilipoingia getini leo nimeliona basi la shule. Rangi yake imefifia na jina la shule yetu ubavuni halisomeki. Sisi wawili tumezungumza wakati wa chai. Yeye atanunua rangi na dawa, mimi nitaleta mafundi wangu wakati wa likizo ijayo. Ila siku ya kuliosha, nataka vijana kumi wa kidato cha tatu, ndoo, sabuni, na vitambaa visafi. Nitasimama pale mwenyewe nikiangalia kila kona. Na vile vitambaa, tafadhali, visifuliwe kwa dawa ya kulainisha.